Siku Niliyochuchumaa Mbele ya Wakwe

Naona haya hata kuanza, lakini kwa kuwa video ya jambo hili imeshazunguka kwenye simu za komuni yetu nzima ya Kampemba, na shemeji yangu aliye Kolwezi alinipigia akicheka mpaka nikamkatia simu, afadhali mnisikie mimi mwenyewe kuliko hao wanaoongeza chumvi (wanasema nililia, sikulia, lilikuwa jasho). Mimi ni Gustave, nimepita miaka sitini na tano, nakaa mtaa wa Bel-Air na mke wangu Béa, na nilifanya kazi ya tanuri la shaba tangu ujana mpaka pensheni, kazi ya mabega na mgongo, siku nzima mbele ya moto, kwa hiyo mtu anayewasimulia haya aliwahi kuitwa mtu wa nguvu, na aliendelea kuamini hivyo miaka mingi baada ya watu wengine kuacha kuamini.

Chanzo cha yote ni mwanamume mmoja anayeitwa Prof Anaclet. Alifundisha mazoezi ya viungo kwenye shule moja ya sekondari, akastaafu, akafiwa na mke, akahamia avenue yetu, na hapo ndipo amani yangu ilipoishia. Huyu Prof ananizidi umri (naapa, nimeuliza kwa watu wanaomjua tangu zamani), lakini ukimwona kwa nyuma utadhani ni kijana anayeenda kucheza mpira: mgongo wima, vigimbi vimesimama, suti ya michezo ya buluu yenye mistari pembeni, filimbi shingoni. Filimbi! Mzee mzima. Kila asubuhi anakusanya wamama wa mtaa, na wazee wawili watatu wasio na haya, kwenye uwanja wa shule ya msingi karibu na kwetu, anawafundisha eti namna ya kutunza nguvu za mwili uzeeni. Na wala si mbio wala kuruka. Wanakaa kwenye kiti na kuinuka bila kushika kitu, wanakaa tena, wanainuka tena. Wananyanyua chupa zilizojazwa mchanga. Wanashika ukuta na kusimama kwa vidole vya miguu. Mimi nilipoelezwa nilicheka, nikasema kukaa na kuinuka hata mbuzi wangu anajua, na hamwiti mtu Prof kwa ajili hiyo.

Béa aliingia katika kundi hilo baada ya kurudi kutoka mtaa wa Hewa Bora kwa dada yake mkubwa, ambaye mumewe alikuwa ameanguka bafuni. Alirudi kimya, akapika kimya, na asubuhi yake akaniuliza kundi la Prof linaanza saa ngapi. Mimi sikuunganisha mambo hayo mawili hata kidogo. Nilichokiona mimi ni kwamba mke wangu wa miaka yote hii anaamka kabla ya jua, anajipaka mafuta, anafunga kitambaa kizuri kichwani, na anatoka kwenda kwa mwanamume mwenye filimbi.

Halafu likaja lile la "Prof anasema." Jamani, kama kuna maneno mawili yanaweza kumfanya mtu achukie nyumba yake mwenyewe, ni hayo. Tunakaa mezani, bukari, ugali wetu, inatoa moshi, mimi nanyoosha mkono kwenye sombe ya majani ya muhogo, Béa ananisogezea sahani ya maharage.

"Prof anasema ku age yetu, kama hatukule maharagi na ndakala na mayai, nyama ya mwili inaisha polepole, mutu haone, kisha siku moja miguu inakatala."

"Prof njo anakupikia?"

"Gustave, kula."

Sikula. Niseme ukweli wote kwa kuwa nimeshaanza: niliacha kula maharage kwa sababu ya wivu. Mimi ninayependa maharage tangu utoto, nikawa nasukuma sahani kando na kusema yananijaza tumbo, na zile ndakala, yaani dagaa, zilizokaangwa na nyanya nikawa nawaachia wajukuu, kisha usiku nalala na njaa nikimlaani Prof. Yeye wakati huo bila shaka alikuwa amelala ameshiba mayai.

Béa alinialika, siwezi kusema hakunialika. Alisema "kuya na we," mara nyingi, bila kunisukuma. Mimi nikajibu kwamba mwili wangu ulitengenezwa kwenye tanuri na hauhitaji kiti cha shule. Lakini ukweli, ambao sikumwambia mtu, ni kwamba tayari nilikuwa nachagua viti. Makochi yetu ya sebuleni ni ya chini na laini, na nilikuwa nimeacha kuyakalia, nikisema ndani kuna joto, nikawa nakaa nje kwenye kiti cha plastiki chenye mikono, kwa sababu chenye mikono unaweza kukisukuma ukainuka. Kwenye taksi nilitaka kukaa mbele. Kanisani nilikaa pembeni, nishike benchi la mbele. Mtu akiangusha ufunguo karibu yangu nilijifanya nimeona ndege angani.

Basi wivu ukanipeleka kupeleleza. Nikawa naaga nyumbani kwamba nakwenda kununua mega za intaneti ya simu, napita kando ya ukuta wa ile shule, pale ulipobomoka kidogo, natupa jicho. Siku ya kwanza niliona migongo tu. Siku iliyofuata nikaona jambo ambalo liliniingia kama mwiba: Prof Anaclet ameshika kiwiko cha mke wangu. Kiwiko! Béa amenyanyua chupa yake ya mchanga, na yule mzee amesimama nyuma yake, vidole viwili chini ya kiwiko, anamwonyesha jinsi ya kukinyoosha, na Béa anacheka. Mimi mke wangu huyo nimeishi naye mpaka tuna wajukuu, na sikumbuki lini nilimchekesha kwa kumshika kiwiko. Nilisimama pale mpaka mama mmoja akaniona, akasema kitu, na kundi zima likageuka kwa pamoja kama wanafunzi: "Bonjour, Papa Gustave!" Nikapunga mkono. Nikasema natafuta mega. Prof akapuliza filimbi, wakaendelea.

Sasa tufike kwenye harusi. Solange, binti wa marehemu mdogo wangu, alikuwa anaolewa, na mimi ndiye baba yake mkubwa, ndiye niliyemtoa nyumbani, ndiye wa kusimama mbele ya wakwe. Katika ukoo wetu, zawadi zinapoingizwa ukumbini kwa kucheza, familia nzima kwenye mstari, masufuria na beseni vichwani, wa mwisho kuingia ni mkubwa wa ukoo na mfuko wa unga wa mahindi, maana yake binti yetu hatalala njaa kwenu. Anauleta mpaka miguuni pa binti, anauweka chini kwa adabu, hautupi wala hampi mtu ampokee, anachuchumaa papo hapo, anapiga makofi ya heshima, binti anapiga magoti na kumjibu, mkubwa anainuka, basi. Baba yangu alifanya hivyo kwenye harusi ya dada zangu. Siku hizi wengi wanawabebesha vijana, mzee anaweka mkono tu juu ya mfuko na kutembea kando yake, na hakuna anayelalamika.

Siku chache kabla ya harusi, tukiwa uani kwangu tunapanga mambo hayo, nani namkuta amekaa kwenye kiti changu chenye mikono? Prof Anaclet. Solange alikuwa ameomba wamama wa lile kundi waje kucheza kwenye mstari wa zawadi, na kiongozi wao akaja nao, miguu ameikunja vizuri, anakunywa chai katika kikombe changu. Béa akasema watoto wa dada yangu watabeba mfuko.

"Ba jeunes babebe, weye utie tu mukono."

Na hapo Prof, ambaye hakuna aliyemuuliza, akatabasamu na kusema kwa ile sauti ya mwalimu:

"Ao Papa Gustave achukue kapaki ka kilo tano. Iko symbolique tu."

Symbolique, yaani ishara tu! Na Béa akatikisa kichwa kukubali. Neno la Prof ningelimeza, nimemeza mengi kazini, lakini kile kichwa cha mke wangu kilichokubali ndicho kilichonichoma, kwa sababu nilielewa kwamba machoni pake mimi nimekuwa mzee wa kilo tano, na yule pale ni mwanamume. Hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo, uliozaa mengine yote.

"Mi siko symbolique," nikasema. "Mutalete sac ya kilo makumi mbili na tano, ile ya kutoka mpakani Kasumbalesa. Nitabeba miye moja, peke yangu. Na nitachuchumaa sawa papa yangu."

Prof akasema polepole, bila ubaya (sasa naweza kusema bila ubaya, siku ile niliona ubaya mtupu):

"Kubeba haiko problème, papa. Problème iko kulamuka, kusimama tena."

"Prof, kunywa chai yako."

Nilijaribu chumbani, mlango nimefunga. Nilichuchumaa bila kitu mkononi, nikashuka vizuri, na nikainuka vizuri pia, ila kwamba niliinuka nikiwa nimeshika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili. Nikajiambia kitanda kilikuwa pale kwa bahati tu.

Siku ya harusi, alasiri, ukumbi umejaa, mimi nimevaa suti nyeusi niliyoagiza kwa fundi, kiatu kinang'aa, muziki unapiga, wamama wanaingia na beseni vichwani, na Béa yumo katikati yao kwenye kitenge cha familia, anacheza akishuka chini na kupanda kana kwamba magoti aliyanunua jana. Prof amesimama ukutani kando ya maspika, ndani ya suti ya kijivu, bila filimbi kwa mara ya kwanza (nilikagua). Mimi nikabaki mlangoni na mfuko wangu. Wapwa zangu wakanipandishia begani, na niwaambie, bega bado lilikuwa langu. Nilitembea ukumbi mzima na ule mfuko, taratibu, nikifuata ngoma, watu wakasimama, wanawake wakapiga vigelegele, mwongozaji wa sherehe akapaza sauti kwenye maikrofoni: "Muangalie papa! Muangalie nguvu ya bantu ba zamani!" Nikamtafuta Béa kwa macho, na alikuwa ananitazama, mimi, si mwingine, mkono ameweka mdomoni. Kisha nikamtafuta Prof nimwonyeshe meno. Ningekufa pale pale ningekufa na furaha.

Nikafika mbele ya Solange. Nikashusha mfuko kutoka begani mpaka kifuani, kutoka kifuani mpaka mapajani, ukaanza kunivuta, nikaufuata, ukagusa sakafu kwa adabu kabisa, na mimi nikawa nimechuchumaa nyuma yake. Solange akapiga magoti. Nikapiga makofi, yale ya mikono iliyokunjwa kidogo, yenye sauti nzito. Akanijibu. Kisha nikaiambia miguu yangu tuinuke.

Miguu haikufanya kitu. Haikuuma, haikutetemeka, ilikaa tu, kama haijanisikia. Nikaiambia tena. Mbele yangu hakukuwa na kitanda wala benchi wala kiti chenye mikono, kulikuwa na mfuko wa unga uliolainika juu, kila nikiuegemea unabonyea. Nikainua macho nikakutana na macho ya Solange, na ya ukumbi mzima, nikaona jambo moja tu la kufanya: nikaendelea kupiga makofi. Kwa sababu mzee aliyechuchumaa na anapiga makofi anatoa heshima, lakini mzee aliyechuchumaa na ameacha kupiga makofi amekwama.

Solange akajibu, mtoto wa watu, atafanyaje? Makofi ya mkubwa hayaachwi bila jibu. Nikapiga, akapiga. Mwongozaji akanogewa: "Ah! Muone heshima! Papa anatoa heshima kwa ba buko, kwa wakwe!" Yule wa muziki naye akapunguza wimbo, akaleta ngoma inayofuata makofi yangu. Na sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo aibu ilipoacha kuwa yangu peke yangu. Wakwe, upande wa bwana harusi, walikuwa wamekaa mstari wa mbele kwenye viti vya heshima: baba yake, wajomba, shangazi, watu wa umri wangu na zaidi. Kwetu huwezi kubaki umekaa juu ya kiti wakati mkubwa wa upande mwingine yuko chini anakupigia makofi. Ni dharau. Wao walingoja niinuke, sikuinuka, wakatazamana, wakafikiri hii ndiyo desturi yetu, na baba wa bwana harusi, mtu mnene mwenye adabu sana, akaacha kiti chake, akaja, akachuchumaa mbele yangu na kuanza kupiga makofi. Nyuma yake wajomba. Nyuma yao shangazi, mmoja na fimbo yake. Mstari mzima wa wazee wa ile familia ukashuka sakafuni, ukumbi ukalipuka kwa shangwe, na simu zote zikainuka juu kupiga video.

Tukapiga makofi. Tukatabasamu. Jasho likaanza kunitoka kwenye nyusi. Baada ya muda nikaona uso wa baba wa bwana harusi umebadilika rangi, na kwa jinsi alivyokuwa akilitazama goti lake nikaelewa kila kitu, maana mimi mwenyewe nilikuwa nimelitazama langu vivyo hivyo. Akainama karibu, akaninong'oneza huku akipiga makofi.

"Papa, tunamaliza saa ngapi?"

"Lamuka kwanza weye, papa."

"Non, non, weye njo mukubwa. Lamuka weye."

"Aba, mi niko mugeni wenu leo. Weye kwanza."

Tukasukumiana adabu hivyo mpaka yule shangazi wa fimbo akaketi chini pu, akasema kwa sauti iliyofika kwenye maikrofoni: "Bantu, miye siwezi tena. Munilamushe." Muziki ukakatika. Na katika kile kimya mstari mzima wa wazee, mmoja baada ya mwingine, ukaacha kupiga makofi, na ukumbi ukaona kwamba hakuna hata mmoja anayeinuka.

Vijana wakakimbia, wakaanza kutuvuta mikono. Mpwa wangu akanishika kwapa, akavuta, bega lile lile la mfuko likalia ka, nikapiga kelele. Shangazi akapiga kelele. Na hapo nikasikia sauti ambayo sikutaka kuisikia, kwenye maikrofoni, tulivu kabisa:

"Stop! Musibavute ba papa mikono! Mutabavunja. Ba mama ya groupe, kila mutu akamate kiti, aende ku muzee moja."

Wamama wakaweka beseni chini. Kila mmoja akachukua kiti, akakileta mbele ya mzee mmoja, na Prof akawa anaongoza ukumbini kama darasani: "Ba papa, piga magoti kwanza. Mikono yote mbili ku kiti. Sasa muguu moja mbele, wenye nguvu. Angalieni mbele. Sukuma!" Na mbele ya macho yangu baba wa bwana harusi akainuka, na wajomba wakainuka, wamama wale waliokuwa wakicheza na chupa za mchanga wakiwashika kiunoni, imara, bila hata kuhema. Mimi sikuinuka, kwa sababu mimi sikutaka kupiga magoti kwa amri ya Prof. Nikabaki mwisho. Mimi na mfuko.

Basi akaja mwenyewe. Akainama, akanyoosha mkono, na mnajua alitaka kushika nini? Kiwiko changu.

"Usiniguse," nikamwambia.

"Papa Gustave..."

"Nilisema usiniguse!"

Maikrofoni bado ilikuwa mkononi mwake. Ukumbi wote ulisikia. Ndipo nikaona kitenge cha familia kando yangu, Béa amesimama na kiti, anamtazama Prof.

"Prof, achia," akasema. "Ule iko wangu."

Akaweka kiti. Akapiga magoti ubavuni mwangu, mbele ya wakwe na simu zao, akaichukua mikono yangu akaiweka juu ya kiti, kisha akapitisha mkono wake nyuma ya kiuno changu na kushika mkanda. "Goti," akasema, nikaweka goti. "Muguu mbele." Nikaweka mguu. "Usiangalie bantu, uniangalie miye. Tuende." Na tukaenda juu. Sina namna nyingine ya kueleza: yule mwanamke alininyanyua, mzima mzima, na mkono wake nyuma yangu ulikuwa mgumu, umejaa nguvu ambayo sikujua anayo, kwa sababu nilikuwa nimeutazama kupitia ukuta uliobomoka na sikuwa nimeushika. Watu walipiga makofi mpaka paa likatetemeka. Yalikuwa makofi yake, si yangu.

Alinitoa nje, nyuma ya ukumbi, karibu na pale wanapopanga kreti za vinywaji, akanikalisha. Bega langu la kushoto lilikuwa jeupe kwa unga, akaanza kunipangusa na ncha ya kitambaa chake. Nilitaka aseme kitu kibaya ili tugombane. Akaendelea kupangusa. Nikaanza mwenyewe.

"Sasa umeona. Yee njo mwanaume, miye niko sac ya unga."

Akaacha kupangusa.

"Gustave, unawaza mi niko naamukaga asubui juu ya Prof?"

"Anakushikaka kiwiko."

Akacheka kidogo, kisha cheko likaisha.

"Siku bwana ya yaya alianguka mu douche," akasema (yaya kwetu ni dada mkubwa), "yaya alikuwa yee tu na ye mu nyumba. Alijaribu kumulamusha, alishindwa. Mikono haikukuwa na nguvu. Alitoka mu barabara kuita bantu. Bakaingia ba voisin, ba jirani, bana vijana, ba nani, muzee iko chini, uchi. Tangu siku ile hatoke tena inje, juu ya haya. Mi nilirudi pa nyumba, nikakuona unakaa ku kiti ya plastiki juu kochi ya salon inakushinda. Unawaza sikuona? Niliona. Nikasema, wangu, hakuna voisin ataingia kumulamusha. Nitamulamusha miye."

Ndani walikuwa wamerudisha muziki. Nilimshika kiwiko, sikujua nishike wapi kwingine, na tukakaa hivyo mpaka walipotuita kula. Nilikula maharage sahani mbili.

Huo ndio mkasa wangu. Ninyi mnaocheka, jaribuni sasa hivi, kaeni kwenye kochi la chini na muinuke mikono ikiwa kifuani, kisha tuendelee kucheka pamoja. Mimi nimeapa: sitachuchumaa tena mbele ya watu mahali ambapo sioni kiti, na sitamkatalia mke wangu sahani ya chakula kwa sababu ya maneno ya mwanamume mwingine. Siku hizi asubuhi niko kwenye ule uwanja wa shule pamoja na wengine (baba wa bwana harusi naye anakuja, anatoka mbali na taksi), na kiti changu nimekiweka kati ya Béa na Prof, hilo halina mjadala, na kiwiko cha mke wangu kikihitaji kunyooshwa nakinyoosha mimi.

Juzi niliinuka bila kushika kitu. Mara moja, mikono kifuani, nikasimama. Niligeuka haraka kumtazama Béa kama ameona, na alikuwa ameona, chupa yake ya mchanga ameisahau hewani. Tatizo ni kwamba Prof Anaclet naye alikuwa ameona, akanipigia filimbi ya pongezi, na nikaanza kumchukia upya.